Kuchagua Filimbi ya Kwanza ya Kuitia Koyote: Mwongozo kwa Kijana wa Molo Anayekwenda Ranchini Marekani

Mpwa wangu, aliyemaliza masomo ya ufugaji mwaka huu, amepata nafasi ya kwenda Marekani kufanya kazi katika ranchi ya kondoo, na mwenye ranchi amekwisha kumwandikia kwamba sehemu ya kazi yake itakuwa kusaidia kuwazuia koyote, wanyama wa jamii ya mbwa wanaofanana na bweha, wasimalize wanakondoo. Kazi hiyo hufanywa kwa filimbi inayomvuta koyote hadi karibu, apate kupigwa risasi. Jioni moja alikuja kwangu Molo, akaketi karibu na jiko la makaa, akafungua simu yake na kunionyesha picha za filimbi zaidi ya arobaini: za mbao, za plastiki, za pembe, na nyingine ambazo si filimbi hasa bali ni vipaza sauti vyenye rimoti. Kisha akaniuliza, "Mjomba, katika hizi zote, nianze na ipi?" Nilimjibu usiku ule kwa maneno mengi yasiyo na mpangilio, kwa sababu nilifanya kazi kama hiyo kwa misimu mitatu ya baridi katika nyanda za magharibi za nchi ile kabla sijarudi kufuga kondoo wangu mwenyewe, na kumbukumbu zilinijia zote kwa pamoja. Haya ninayoyaandika sasa ndiyo majibu niliyopaswa kumpa, nayo yatamfaa kijana mwingine yeyote anayejiandaa kwa safari kama yake.

Jambo moja lazima litangulie, kwa ajili ya msomaji aliye Molo, Njoro, Kisumu au Kakamega. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa anayeivunja. Bweha akikuingilia zizini, dawa yake ni zizi imara, mbwa mwenye sauti, na taarifa kwa ofisi ya Shirika la Wanyamapori nchini, KWS, iliyo karibu nawe. Filimbi ninazozieleza hapa ni za kazi ya kule, kwa mnyama wa kule, chini ya sheria za kule. Wala usiibebe ukaipulize ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru ili upate picha nzuri ya bweha, kwa kuwa mnyama anayeitwa bure hupoteza nguvu bure, na mgeni wa hifadhi hana ruhusa ya kuwasumbua wanyama.

Koyote ni mnyama wa Amerika ya Kaskazini na ya Kati. Jina lake la kisayansi, Canis latrans, ambalo Thomas Say alilichapisha mwaka 1823, maana yake ni mbwa abwekaye. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 9 na 20, wale wa majangwani wakiwa wepesi na wale wa kaskazini na mashariki wakiwa wazito. Mtu aliyewahi kumwona bweha wa mgongo mweusi akikatiza uwanda asubuhi, masikio yamesimama na mkia umeshuka, ana picha ya karibu ya kile atakachokiona kule, ila amwongezee mnyama huyo urefu wa miguu na unene wa manyoya. Undugu wao na wanyama wa bara letu ni wa kweli: wanasayansi walipochunguza chembe za urithi za yule aliyekuwa akiitwa bweha wa dhahabu wa Afrika, walieleza mwaka 2015 kwamba ni spishi ya peke yake, iliyo karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu na koyote kuliko ilivyo karibu na bweha wa dhahabu wa Ulaya na Asia. Ninayataja haya kwa sababu kijana aliyekulia kwenye mashamba yetu, aliyezoea kumsikia bweha usiku na kukisia yuko ng'ambo gani ya bonde, anakwenda Marekani akiwa tayari na nusu ya elimu anayoihitaji. Hiyo nusu ni sikio.

Sasa kuhusu filimbi zenyewe. Ukiziangalia dukani utaona aina nyingi, lakini sauti zinazotolewa na zote ni za namna mbili tu, na mtu asiyezitofautisha namna hizo atanunua vibaya hata akiwa na fedha nyingi. Namna ya kwanza ni kilio cha chakula: sungura aliyebanwa, panya wa nyasini, mtoto wa paa, mwanakondoo aliyepotelewa na mama yake. Namna ya pili ni lugha ya koyote wenyewe, yaani mlio ule mrefu wa usiku, mbweko, na kilio cha mtoto wa koyote aliyeumia.

Sungura aliyekamatwa hana wimbo mmoja. Hulia kwa sauti inayopanda, inayokatika, inayokwaruza, na kila sungura hulia kivyake kwa kadiri ya uchungu na pumzi iliyombakia. Kwa hiyo mwanafunzi akikosea, kosa lake nalo ni kilio, na koyote mwenye njaa halikatai kwa sababu limetoka likiwa baya. Mlio wa koyote hauko hivyo, kwa kuwa ndani yake mna maneno. Kuna mlio wa koyote mmoja anayewatafuta wenzake, kuna mlio wa kundi lililokusanyika, na kuna mbweko mfupi mkali unaofuatwa na mlio, ambao ni onyo kwa anayesikia kwamba amekwisha kuonekana au kwamba amevuka mpaka wa wenyewe. Anayeanza akiutoa mlio wa onyo huku akidhani anawasalimu, amewaambia waondoke, nao wataondoka bila yeye kuwaona kamwe, kisha atarudi nyumbani akisema kwamba bonde lile halina koyote. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, ambao siubadilishi kwa yeyote mwenye mapafu mazima, ni kwamba filimbi ya kwanza iwe ya kilio cha sungura.

Miongoni mwa filimbi za kilio cha sungura, ile inayomfaa mwanafunzi ni ile ambayo ulimi wake umefunikwa. Kila filimbi ya aina hii ina ulimi, kijipande chembamba cha plastiki au cha shaba kinachotikisika pumzi inapopita. Katika filimbi ya ulimi uliofunikwa, kijipande hicho kimefichwa ndani ya mwili wa filimbi na midomo ya mpulizaji haikigusi, hivyo fundi aliyeitengeneza ndiye aliyeamua sauti iwe nyembamba au nene. Unaiweka mdomoni, unapuliza, inalia. Bei yake kwa kawaida ni dola 10 hadi 30, nayo hutosha kumfikisha mtu mwisho wa msimu wake wa kwanza.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kwa kuwa ni rahisi kulia basi haina ufundi. Pumzi itoke tumboni kama ya mtu anayepuliza pembe kwenye ngoma ya isukuti, isitoke mashavuni. Kiganja cha mkono wa pili kizibe mdomo wa nje wa filimbi, kisha kifunguke na kufumba kwa mapigo yasiyolingana, kwani kiganja ndicho kinachoigeuza sauti ya kifaa ikawa sauti ya kiumbe. Wakati wa kupuliza, tamka moyoni au hata kooni neno kama "waa", na uliache likatike kabla halijafika mwisho. Toa vilio vifupi kwa nusu dakika au dakika moja, nyamaza dakika mbili tatu, kisha rudia kwa sauti iliyopungua kidogo, kama mnyama anayeishiwa nguvu. Kosa nililoliona kwa karibu kila mwanafunzi, nami nililifanya, ni kupuliza mfululizo kama refa wa mpira aliyekasirika. Sungura wa kweli hana pumzi ya namna hiyo.

Aina ya pili ni filimbi ya ulimi wazi, na hii ndiyo ninayomtaka mpwa wangu aiweke mfukoni mapema ingawa hataitumia mapema. Kanuni yake tunaijua sote tangu utotoni. Chuma jani pana la nyasi, lilaze kati ya vidole gumba viwili vilivyobanwa pamoja, acha mwanya mdogo katikati, kisha upulize kupitia mwanya huo: litatoka yowe kali ambalo huwafanya kuku watawanyike. Ukilivuta jani likazidi kukaza, sauti inakuwa nyembamba. Ukililegeza, inakuwa nene. Nilimfanyia mpwa wangu hivyo palepale uani, na mbwa wa jirani akasimama kwenye ua, kichwa kimeinama upande mmoja, asiamini alichosikia. Filimbi ya ulimi wazi ni jani hilohilo lililotengenezwa kiwandani. Ulimi wa plastiki umelazwa juu ya kibao kilichopinda kidogo, nawe unaubana kwa mdomo wa chini au kwa meno. Ukibana karibu na ncha yake, kipande kinachotikisika huwa kifupi, na sauti hutoka nyembamba kama ya panya au mtoto wa sungura. Ukiingiza filimbi ndani zaidi ya mdomo na kubana karibu na shina, kipande huwa kirefu na sauti hushuka hadi kwenye mlio wa koyote mkubwa. Kifaa kimoja, basi, kinaweza kutoa panya, sungura, mtoto wa paa, mtoto wa koyote na koyote mzee.

Uhuru huo ndio ugumu wake. Kwa wiki mbili za kwanza filimbi ya ulimi wazi hutoa sauti ya bata mwenye mafua, na mtu huikatia tamaa. Jifunze ukiwa garini au kwenye banda la majani makavu, dakika kumi kila siku, ukianza na noti moja tu iliyotulia kabla ya kujaribu kupanda na kushuka. Usijifunzie porini. Kila koyote aliyekusikia ukijifunza, akaja akakuona, amehitimu kabla yako, na itakuchukua muda mrefu kumrudisha.

Kuna filimbi ndefu zilizofungiwa parapanda ya plastiki au pembe ya ng'ombe mbele yake, zilizokusudiwa mlio mrefu peke yake. Ni nzuri sana kutazama, na vijana huzipenda kwa sababu hiyo. Ziache mpaka mwaka wa pili.

Kiwambo cha mdomoni, ambacho ni kipande cha mpira mwembamba kilichofungwa kwenye fremu yenye umbo la kwato ya farasi na kubandikwa kwenye kaakaa, huiacha mikono yote miwili huru, na wawindaji stadi hukisifu kwa sababu hiyo. Kwa anayeanza kina tabia ya kumtia kichefuchefu. Kijipira cha kubonyeza, kwa upande mwingine, ni kitu kidogo cha thamani kubwa: ukikibonyeza kwa kidole hutoa sauti ya panya, na kazi yake ni kumvuta koyote aliyesimama mita mia moja hivi akisitasita. Hata busu la nguvu kwenye mgongo wa mkono wako hutoa sauti inayokaribiana na hiyo, bila gharama yoyote. Koyote huwinda panya walio chini ya theluji kwa kuwasikiliza tu, kwa hiyo usidhani sauti hiyo ndogo itampita.

Nimebakisha mashine, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha ya mpwa wangu. Mashine ya kuitia ni kipaza sauti kinachotumia betri, chenye sauti zilizorekodiwa za wanyama wengi, ambacho unakiweka chini kisha unakiendesha kwa rimoti ukiwa umekaa mbali. Kampuni ya FOXPRO iliyoko Lewistown, jimbo la Pennsylvania, ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana sana. Bei huanzia karibu dola mia moja na kupanda hadi mamia kadhaa. Faida yake kubwa haiko katika wingi wa sauti, kama matangazo yanavyodai, bali katika umbali: sauti inatoka mahali ambapo wewe hupo, hivyo macho ya koyote yanaelekea kwenye mashine na si kwako. Anayepuliza kwa mdomo, kinyume chake, anamwelekeza mnyama moja kwa moja kwenye uso wake mwenyewe.

Pamoja na faida hiyo, bado ninamkataza anayeanza kuinunua kwanza, na ninaomba nieleweke kwamba sina chuki na vifaa vya kisasa. Anayeanza na mashine hujifunza kubonyeza. Anayeanza na filimbi hujifunza kusikiliza, kwa kuwa analazimika kuiumba sauti, kunyamaza, na kuuliza kilio chake kimefika wapi. Mtu aliyepitia filimbi ataitumia mashine vizuri, atajua wakati wa kupunguza sauti na wakati wa kuinyamazisha kabisa, ilhali aliyeanza na mashine huiacha ikilia dakika ishirini kama redio ya kinyozi. Kuna pia swali la betri, ambazo hudhoofika upesi kwenye baridi, na swali la sheria, kwa sababu majimbo hayana kanuni moja kuhusu sauti za kurekodiwa, na kwa ndege wa majini wanaohama, kama bata na bata bukini, sheria ya shirikisho huzikataza isipokuwa katika mazingira machache maalumu. Mtu mmoja tu ninamruhusu aanze na mashine bila kusita, naye ni mwenye pumu au kifua kibovu. Baridi ya kule, pamoja na kupuliza kwa nguvu, si kitu cha kujaribiwa na mtu wa namna hiyo.

Kuhusu baridi nina la kusema zaidi, kwani hakuna aliyeniambia mimi. Molo iko juu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na sisi wa huku hujiona watu wa baridi kwa sababu asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa jalidi. Baridi hiyo si kitu. Katika msimu wangu wa kwanza nilikuwa na filimbi nzuri ya ulimi wa shaba uliofunikwa, nami niliining'iniza shingoni juu ya koti, kama nilivyoona wengine wakifanya kwenye picha. Asubuhi moja, kipimajoto kikiwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, nililia vilio vitatu vizuri, nikanyamaza, na koyote akatokea kwenye ukingo wa korongo, labda mita mia mbili, akasimama. Nilipopuliza tena ili kumsogeza, haikutoka sauti. Mate yangu yalikuwa yameganda kwenye ulimi wa filimbi wakati wa zile dakika mbili za ukimya. Nilipuliza tena kwa nguvu zaidi, ikatoka pumzi tupu, na koyote akageuka akaenda zake kwa mwendo wa kawaida, hata hakukimbia. Tangu siku ile filimbi yangu ilikaa ndani ya shati, kifuani, na ya pili kwenye mfuko wa ndani ikiwa akiba. Kwa kijana anayekwenda kwenye jimbo lenye theluji ninasema wazi: chagua inayofunguka, ili uweze kuutoa ulimi, kuukung'uta na kuurudisha, na ukiweza chagua ulimi wa plastiki kuliko wa chuma. Filimbi ya ulimi wazi ina nafuu hapa, kwa sababu joto la midomo liko juu ya ulimi wenyewe na barafu huondolewa kwa kidole.

Sura ya nchi ya kule unakokwenda iamue sauti pia. Sauti nyembamba hufifia upesi hewani na nene husafiri mbali. Kwenye tambarare wazi zenye upepo, unahitaji filimbi nene, ya kukwaruza, yenye kilio cha yule sungura mkubwa wa nyikani mwenye masikio marefu. Kwenye vichaka na misitu ambako koyote anaweza kuwa mita themanini tu kutoka ulipoketi, filimbi hiyo itamshtua badala ya kumwita, nawe utahitaji ya sungura mdogo, tena uanze kwa sauti ya chini. Kwa kweli anza kwa sauti ya chini popote pale. Sauti inaweza kuongezwa, lakini mnyama aliyeshtuliwa karibu hasubiri uombe radhi.

Majira yana neno vilevile. Kuanzia Septemba hadi Novemba, watoto wa koyote waliozaliwa mwaka huo wanajitegemea na wengi wanatawanyika kutafuta maeneo yao, hawana uzoefu, na kilio cha sungura huwafanya waje mbio; ndiyo miezi ya mwanafunzi. Kati ya Januari na Machi ni msimu wao wa kupandana, wakati ambapo mlio wa koyote mwenyewe huwa na nguvu kuliko kilio cha chakula. Watoto huzaliwa takriban Aprili na Mei, baada ya mimba ya siku 63 hivi, na kipindi hicho kilio cha mtoto wa koyote huwaleta wazazi wote wawili kwa hasira. Filimbi inayoweza kilio hicho ni silaha kali. Mimi niliitumia mara chache tu, pale ambapo jozi fulani ilikuwa inachukua wanakondoo kila usiku na mwenye ranchi alikuwa amekwisha kutumia mbwa, uzio na taa bila mafanikio. Kumuua mzazi katika mwezi wa Mei ni kuacha watoto wafe njaa shimoni, na anayelifanya hilo kwa burudani sina la kumfundisha. Zaidi ya hayo, eneo lililoachwa wazi na koyote mmoja hujazwa upesi na mwingine, hivyo kijana asijidanganye kwamba filimbi inachukua nafasi ya zizi la usiku na mbwa wa kulinda.

Mbwa hao wanahitaji neno la peke yao. Ranchi nyingi za kondoo hutumia mbwa wakubwa weupe ambao hukaa na kondoo mchana na usiku. Katika msimu wangu wa pili, nikiwa na filimbi mpya ya mlio mrefu na haraka ya kuionyesha, niliipuliza alfajiri nikiwa karibu mno na kundi. Mbwa wawili waliacha kondoo wakanijia kwa kasi ya ajabu, wakibweka, nao kondoo wakatimka wakagonga uzio. Mwanakondoo mmoja alivunjika mguu. Mwenye ranchi hakunifokea, alinitazama tu, na mtazamo ule ninaukumbuka hadi leo. Filimbi ya lugha ya koyote isipulizwe karibu na kundi lenye mbwa, na kabla ya kupuliza filimbi ya aina yoyote, muulize mwenyeji mbwa wake wako wapi asubuhi hiyo.

Kabla ya kulipa, ijaribu filimbi ikiwa duka linaruhusu, au iagize moja kwanza badala ya tano. Ipulize polepole kabisa: nzuri huanza kulia kwa pumzi ndogo, na mbaya hukaa kimya mpaka uilazimishe, kisha hulipuka. Halafu ipulize kwa nguvu: ulimi wa ovyo hukwama na kunyamaza. Mpe mwenzako, mwambie aende hatua mia mbili, ageuke mgongo, kisha akueleze alichosikia, kwa kuwa sauti iliyo mdomoni pako siyo inayofika kule. Rangi na nakshi zisikushughulishe. Kama sauti inamfanya paka wa nyumbani aje kuchungulia, umepata.

Upepo utakushinda kuliko uchaguzi mbaya wa filimbi. Koyote anayeitika huzunguka ili aje kutoka upande upepo unakoelekea, apate kunusa kabla ya kuona. Keti mahali ambapo njia hiyo ya kuzunguka iko wazi mbele ya macho yako, mgongo wako ukiegemea kitu kipana kuliko mabega, na ukae dakika ishirini bila kusogeza kichwa ovyo. Kumbuka pia kwamba wewe, kwa masikio ya wengine, ni sungura anayekufa: simba wa milimani, yaani puma, anaweza kuja, na mwindaji mwingine anaweza kuelekeza bunduki penye sauti. Mwenyeji ajue ulipo, vaa rangi ya machungwa pale sheria inapotaka, na ukimwona mtu anakaribia usimpungie mkono wala usipulize. Mwite kwa sauti ya kibinadamu.

Filimbi haihitaji kibali, lakini bunduki na uwindaji vinahitaji. Kila jimbo lina idara yake ya wanyamapori, leseni zake na mafunzo ya usalama kwa wawindaji, na sheria ya shirikisho huwakataza wengi wa wanaoingia kwa viza ya muda kumiliki au hata kushika bunduki na risasi, isipokuwa wachache waliotajwa, wakiwemo wenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kijana asikubali kupewa bunduki ya ranchi kwa neno la mdomo tu. Aende kwanza kwenye idara ya jimbo na mwajiri wake, akate leseni, aibebe mfukoni kila siku.

Ukirudi jioni, ioshe filimbi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usitumie maji ya moto kwani huupinda ulimi wa plastiki. Ikung'ute, iache ikauke ikiwa imefunguliwa, mbali na jiko. Usimwazime mtu, na usiazimwe, kwa sababu ni kitu cha mdomoni kama mswaki. Ulimi ukianza kutoa sauti ya mruzi usioutaka, umechoka au umepasuka ukingoni. Nunua mwingine, na ule wa zamani uuweke kwenye bahasha yenye jina la filimbi yake, ili siku ulimi mpya ukikosekana uwe na cha kupimia urefu wa kipande utakachokikata.